Watu watano wasiolipwa wanaongozaje hifadhi ya udongo? Jibu kwa mkulima wa Iowa

SWALI. Mama mmoja, mzaliwa wa upande wa Uvira, Kongo, na sasa mkaaji wa Iowa, Marekani, ameandika: "Tunakodi ekari mbili, tunalima mboga: lengalenga, biringanya, maharagwe, pilipili. Kila mwezi wa tano mvua inashuka kutoka shamba la mahindi lililo juu yetu na kumwaga udongo kwenye matuta yetu. Jirani yangu Mmarekani ameniambia niende kwa makamishna wa udongo, tena wanatafuta mtu, niingie na mimi. Wako watano na hawalipwi. Kazi ya bure ya serikali kwetu tuliijua, ilikuwa salongo, ya kulazimishwa. Hawa watu wana nguvu gani? Wanaamrisha nini? Na mpangaji kama mimi ana nafasi gani mbele yao?"

JIBU. Asante, Mama. Nianze na lile la nguvu. Karibu mambo yote wanayoyafanya makamishna hao hayana amri ndani yake. Wao hupanga foleni: fundi aende kwa nani kwanza, fedha ya jimbo ichangie shamba lipi, ziwa au kijito gani kishughulikiwe mwaka huu na kipi kisubiri. Ila Iowa ni miongoni mwa majimbo machache ambako makamishna wamepewa pia fimbo, na fimbo hiyo inahusu jambo hilohilo lako, udongo wa mtu kuingia kwa jirani yake. Nitaifikia. Kwanza ukijue chombo chenyewe, kwa sababu ukienda pale ukidhani unaingia ofisi ya serikali ya kawaida utamuuliza mtu asiyehusika.

Iowa ina wilaya 100 za hifadhi ya udongo na maji. Kaunti ziko 99, na kila moja ina wilaya yake, isipokuwa Pottawattamie yenye mbili, ya mashariki na ya magharibi. Wilaya hizi hazina mkuu wa wilaya wala polisi. Kila moja ni chombo cha umma kilichoundwa na sheria ya jimbo, kimesimama peke yake: haiko chini ya kaunti, haiko chini ya serikali kuu ya Washington, wala si chama cha hiari cha wakulima. Inaongozwa na makamishna watano wanaochaguliwa na wananchi katika uchaguzi mkuu, bila vyama vya siasa, kwa kipindi cha miaka 4. Sheria inasema hawalipwi chochote kwa kazi yao. Wanachoweza kurudishiwa ni gharama, kama za safari. Marekani nzima ina karibu wilaya 3,000 za namna hii, na majina hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo.

Zilitoka wapi? Katika miaka ya 1930 ukame uliyakuta maeneo tambarare ya katikati ya Marekani yamelimwa bila kupumzishwa, majani ya asili yameng'olewa, udongo uko wazi. Upepo ukauzoa. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilitanda mchana, watu wakashindwa kuona mikono yao wenyewe. Mtaalamu wa udongo Hugh Hammond Bennett alikuwa amepiga kelele kwa miaka kuhusu mmomonyoko, na mwezi huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Rais Roosevelt aliitia saini tarehe 27 Aprili, na idara maalum ya hifadhi ya udongo ikaanzishwa ndani ya Wizara ya Kilimo. Leo idara hiyo inaitwa NRCS, jina ililopewa mwaka 1994.

Likabaki tatizo moja kubwa. Ardhi ile ilikuwa mali ya watu binafsi, mamilioni ya mashamba. Ofisa kutoka Washington hawezi kuingia shamba la mtu wa Kansas na kumwambia alime kwa kufuata mkingamo wa mlima. Angefukuzwa kwa bunduki, na mahakama ingemwunga mkono mwenye shamba. Kwa hiyo tarehe 27 Februari 1937 Roosevelt aliwaandikia magavana wote, akaambatanisha sheria ya mfano ili kila jimbo litunge yake. Katika mfano huo, watu 25 wanaolimiliki au kulitumia eneo wangeweza kuomba wilaya, kungepigwa kura, na ikikubaliwa, bodi ya watu watano ingeiongoza, watatu wa kuchaguliwa na wawili wa kuteuliwa na jimbo. Wilaya ya kwanza, Brown Creek, ilizaliwa tarehe 4 Agosti 1937 katika kaunti ya Anson, North Carolina, nyumbani kwao Bennett.

Mambo mawili katika mfano ule hayakufika yalikokusudiwa, na yote mawili yanakugusa. Waandishi wake walitaka mipaka ifuate mabonde, yaani eneo lote linalomwaga maji kwenye mto mmoja, maana maji hayajui kaunti. Majimbo mengi yakaona ni rahisi kufuata mipaka ya kaunti. Matokeo yake ni kwamba kijito kinachokusumbua kinaweza kuwa kimeanzia wilaya nyingine kabisa, kwa makamishna wengine. La pili, mfano uliwapa wilaya uwezo wa kutunga kanuni za matumizi ya ardhi zenye nguvu ya sheria. Majimbo mengine yalikiondoa kipengele hicho, mengine yakakiacha kilale ndani ya kabati. Ndiyo maana ukiwauliza makamishna wengi wao ni nani, watakwambia kwa fahari kwamba kazi yao ni ya hiari, hawamlazimishi mtu.

Hapo ndipo nataka uitenganishe na salongo. Hofu ya mmomonyoko ya miaka ile ilifika hata kwetu, na wakoloni waliijibu kwa njia yao. Kivu na Ruanda-Urundi, Wabelgiji waliwachimbisha watu mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa amri. Milima ya Uluguru, Tanganyika, Waingereza waliwalazimisha wakulima kujenga matuta ya ngazi hadi ghasia zikalipuka mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Matuta yalikuwa yaleyale aliyokuwa akiyahubiri Bennett. Ambacho wakoloni hawakukileta ni bodi: wale majirani watano wanaoweza kusema "hapa kwetu hili halifai, tufanye lile", na kusikilizwa. Mobutu naye, alipoleta salongo katika miaka ya 1970, alileta kazi bila bodi. Kwa hiyo mashaka yako yana historia nyuma yake, lakini hapo Iowa hakuna atakayekuja kukutoa nyumbani ukachimbe mtaro Jumamosi.

Sasa, inawezekanaje watu wasiolipwa waongoze kitu? Jibu ni kwamba kazi ya mikono na ya kitaalamu inafanywa na wanaolipwa, na hao wana mabosi watatu tofauti. Ukiingia ofisi yao, ambayo mara nyingi iko pembezoni mwa mji mkuu wa kaunti, ndani ya jengo moja na ofisi nyingine za Wizara ya Kilimo, utakuta mezani mtu wa NRCS, ambaye ni mwajiriwa wa serikali kuu. Karibu yake yuko karani au fundi anayelipwa na idara ya kilimo ya jimbo la Iowa. Pengine yuko wa tatu anayelipwa kwa fedha ya mradi fulani wa kusafisha maji, ambao wilaya yenyewe imeuomba na kuupata. Wote wanakunywa kahawa moja. Makamishna hawana mamlaka ya kumwajiri wala kumfukuza yule wa NRCS. Wanashirikiana naye kwa mkataba wa maandishi kati ya wilaya, jimbo na wizara. Wageni wengi hujikwaa hapa. Wanamlalamikia kamishna kuhusu ombi lao la fedha ya serikali kuu, naye hana kalamu ya kulitia saini. Au wanamwendea mtu wa NRCS kuhusu fedha ya jimbo, ambayo inasubiri kura ya makamishna.

Nakushauri uhudhurie kikao kimoja kabla ya kuamua lolote. Kwa kawaida hufanyika mara moja kwa mwezi, saa na siku ileile, na ni cha wazi kwa kila mtu, awe raia au la. Sheria ya Iowa inataka tangazo na ajenda vitolewe angalau saa 24 kabla. Akidi ni watu watatu. Usitegemee mambo makubwa. Watasoma muhtasari wa kikao kilichopita na kuupitisha, mhazini atasoma salio, mtu wa NRCS atatoa taarifa ya mikataba yake. Kisha yatakuja maombi, moja baada ya jingine: fulani anataka kujenga matuta ya kukinga maji, gharama imekadiriwa kiasi hiki, fundi amekagua, anaomba jimbo lichangie. Wanauliza maswali mawili matatu, wanapiga kura. Mwingine alipewa fedha mwaka jana hakujenga, anaomba muda zaidi. Hapo mjadala huwa mrefu kidogo, kwa sababu fedha hiyo kuna mtu anaisubiri. Baadaye watazungumzia kuuza miche ya miti, mashine ya kupanda bila kutifua ardhi ambayo wilaya nyingi hukodisha kwa wakulima, na nani ataenda shuleni kuzungumza na watoto. Utapiga miayo. Lakini sikiliza vizuri lile la maombi, kwa sababu ndilo linaloamua.

Fedha ya jimbo haitoshi kamwe. Kwa kazi za kudumu kama matuta na mikondo ya nyasi, yaani njia za maji zilizooteshwa nyasi, kawaida jimbo huchangia hadi nusu ya gharama na mkulima hubeba iliyobaki. Wanaoomba ni wengi, kwa hiyo lazima kuwe na utaratibu wa nani aanze. Je, atangulie aliyeomba mwanzo? Au yule ambaye shamba lake linamwaga tope kwenye ziwa ambalo mji unalitegemea? Au mkulima mdogo asiye na uwezo wa kusubiri? Utaratibu huo unawekwa na watu watano mezani, na ndiyo madaraka yao halisi. Wanaweka pia mpango wa miaka kadhaa wa wilaya. Kwa upande wa serikali kuu, wilaya huitisha kikao cha wadau wa hapo kuishauri NRCS matatizo gani ya eneo yapewe uzito. Ni ushauri tu, lakini ushauri unaoandikwa hubaki katika faili. Ikiwa mezani hakuna anayelima mboga, usishangae mboga zisipotajwa.

Utauliza, na kamishna mwenyewe akitaka fedha hiyo? Anaruhusiwa kuomba, maana naye ni mkulima. Inapofika zamu yake anatakiwa atamke, akae pembeni, asipige kura, na muhtasari uandike hivyo. North Carolina wamekwenda mbele zaidi: mkataba wa mjumbe wa bodi lazima upitishwe na tume ya jimbo. Katika kaunti ndogo ambako kila mtu ni shemeji wa mwenzake, mimi ningependa kila jimbo lifanye hivyo.

Tuje kwenye tope lako.

Mwaka 1971 Iowa ilitunga sheria inayowapa makamishna uwezo wa kuweka kikomo cha udongo unaoruhusiwa kupotea. Kwa udongo mwingi wa huko kikomo ni kama tani 5 kwa ekari kwa mwaka. Mwenye ardhi au anayeitumia, na hapo mpangaji ameingia, akiona udongo wa jirani unaharibu shamba lake, anaweza kupeleka malalamiko ya maandishi yenye saini. Makamishna hulazimika kwenda au kutuma mtu akague. Ikionekana udongo unapotea kupita kikomo, wanatoa amri ya maandishi kwa mwenye shamba la juu arekebishe ndani ya muda fulani, naye anachagua njia: matuta, kubadilisha namna ya kulima, au kuligeuza eneo lile kuwa la majani. Kwa kazi za kudumu zenye gharama, hawezi kubanwa mpaka fedha ya umma ya kumchangia iwepo. Wenye mashamba waliipinga sheria hii mahakamani katika kaunti ya Woodbury, wakidai inapora mali yao. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kwamba wilaya ilikuwa na haki.

Kwa hiyo njia ipo, na ni imara. Hata hivyo nisingeanzia hapo, na makamishna wengi watakuomba usianzie hapo. Kwanza jua shamba la juu ni la nani. Iowa ardhi nyingi inalimwa na wapangaji, na si ajabu mwenye mahindi yale ni mpangaji kama wewe, tena mwenye ardhi yake ndiye mwenye ardhi yako. Ukitia saini malalamiko dhidi ya mtu anayekupangisha bila kujua, mwaka unaofuata utakuwa unatafuta ekari nyingine. Rekodi za umiliki ziko wazi katika ofisi ya kaunti. Pili, piga picha mvua inapomalizika, kabla hujasafisha, andika tarehe. Tatu, omba ofisi ya wilaya imtume fundi aje kuangalia kwa urafiki, bila malalamiko. Mara nyingi atamwendea yule wa juu na kumwambia kuna fedha ya mkondo wa nyasi, hutaki? Mtu akiambiwa kuna fedha husikiliza kuliko akiambiwa kuna mashtaka. Ikishindikana, ndipo karatasi iandikwe.

Huku ukisubiri, wewe mwenyewe unastahili msaada. Mpangaji anaweza kuingia mipango ya NRCS, mradi aonyeshe kwamba ataitawala ardhi kwa muda wote wa mkataba. Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Omba barua au mkataba wa upangaji wa miaka. Utahitaji pia namba ya shamba kutoka FSA, ofisi nyingine ya Wizara ya Kilimo, ambayo kwa kawaida iko jengo hilohilo. Mpango mkubwa wa NRCS, EQIP, huchangia hata nyumba za plastiki za kuoteshea mboga, na mkulima anayeanza au mwenye kipato kidogo hupewa kiwango cha juu zaidi na anaweza kuomba sehemu ya fedha mapema ili anunue vifaa. Usianze kujenga kabla ya kusaini. Kazi iliyoanzwa kabla ya mkataba hailipwi, na huwa sioni mtu akiwa na uchungu kama yule aliyewahi kwa bidii yake akakosa.

Wasomaji wa majimbo mengine wasichukue haya yote kama yalivyo. Ohio wana wilaya 88, moja kila kaunti, na wajumbe huchaguliwa nje ya uchaguzi mkuu, kwa hiyo karatasi ya kura ya kawaida haitakuonyesha majina yao. Indiana na jimbo la Washington bado wana watatu wa kuchaguliwa na wawili wa kuteuliwa, kama mfano wa 1937. Pennsylvania wajumbe huteuliwa na viongozi wa kaunti. Wisconsin walizifuta wilaya zao mwaka 1982, kazi ikahamia kamati za kaunti. Nebraska ndiyo ya pekee: mwaka 1972 walichanganya vyombo vidogo zaidi ya 150 wakapata wilaya kubwa zilizofuata mabonde ya mito, leo ziko 23, zenye uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na kudhibiti maji ya visima. Huko bodi ya majirani inaweza kukupimia maji ya kumwagilia, na wakulima hugombea viti hivyo kwa jasho. Ukilinganisha na Iowa utaona jambo moja: penye kodi na maji, watu hugombana kupata kiti, penye miche na matuta, viti hukosa mgombea.

Ndiyo sababu jirani yako anasema wanatafuta mtu. Nafasi hizi ziko chini kabisa ya karatasi ya kura, wapiga kura wengi hawajui ni za nini, na mara kwa mara mtu hushinda kwa jina lililoandikwa kwa mkono na wachache. Bodi nyingi zimejaa wakulima wa mahindi na soya, watu wazima, wanaofahamiana tangu shule. Wengi ni watu wema wanaoipenda kazi. Lakini mtu anayejua mahindi ya ekari elfu hawezi kukisia ekari mbili za mboga zinahitaji nini, na ukimwambia atakushukuru.

Kuhusu kuingia: kugombea kunahitaji uwe na sifa za mpiga kura wa wilaya hiyo, yaani raia wa Marekani mwenye miaka 18 au zaidi na mkaaji wa hapo. Fomu ya mgombea inatakiwa iwe na sahihi zisizopungua 25 za watu wenye sifa hizo, na inapelekwa kwa mkaguzi wa kaunti anayesimamia uchaguzi. Tarehe ya mwisho atakupa yeye. Kama bado hujapata uraia, Mama, tafadhali usijaze fomu yoyote ya kujiandikisha kupiga kura kwa sababu tu mtu mwema amekuwekea mezani. Hilo linaweza kuharibu ombi lako la uraia. Waulize makamishna kuhusu nafasi ya kamishna msaidizi: bodi yenyewe humteua, hukaa mezani na kuzungumza, hapigi kura. Wengi waliochaguliwa baadaye walianzia hapo.

Ukienda kikao cha kwanza, mpigie karani siku chache kabla umwombe akuweke kwenye ajenda kwa dakika tano, umweleze kama unahitaji mkalimani. Chukua picha za tope na ramani ya shamba, na barua ya upangaji kama umeshaipata. Swali la kuwauliza ni moja: mwaka jana, kati ya maombi waliyoyapitisha, mangapi yalikuwa ya wakulima wa chini ya ekari kumi?